Runinga Yetu Imeugua Manjano

Tangu Jumamosi nyumba yangu imegawanyika. Upande mmoja niko mimi. Upande wa pili yuko Mama Salma, watoto wote, shemeji aliyekuja kwa siku mbili mwezi wa nne na bado yupo, na jirani ambaye luku yake huisha kila Yanga inapocheza.

Ugomvi ni runinga ya inchi 43 niliyoinunua Kariakoo. Dukani ilinimeremetea kama bibi harusi. Sikujua ni poda. Kumbe runinga huja zimekolezwa rangi na nyeupe imetiwa buluu, zishindane na taa za dukani na wenzao ukutani. Sebuleni kwangu msomaji wa habari akawa na midomo ya mtu aliyetoka kula zambarau, na uwanja wa mpira ukawa kijani cha ndoo ya plastiki.

Nikasoma. Nyeupe wanayoifuata watengenezaji wa vipindi ni ya kelvini 6500 hivi, mwanga wa mchana. Namba ikipanda, buluu inazidi. Kile kitufe cha kunoa picha, ambacho shemeji alikijaza hadi 100, hakinoi chochote. Kinawachora watu wanja kuzunguka mabega. Nikakishusha, nikapunguza rangi, nikachagua mpangilio wa filamu.

"Imeungua?" akauliza Mama Salma.

Nikamweleza kuwa hiyo ndiyo rangi sahihi, macho yatazoea baada ya siku chache.

"Baba Salma, macho yangu yana miaka arobaini. Hayaendi tena shule."

Jirani naye akalalamika kuwa jezi ya Yanga imekuwa kama kanga iliyosahaulika juani. Sikumlaumu sana. Zanzibar walianza kuangalia televisheni ya rangi mwaka 1973. Sisi wa bara tukakaa hadi 1994 ndipo tukapata kituo chetu cha kwanza. Aliyechelewa kufika kwenye pilau hapimi chumvi, anapakua.

Sasa kila usiku wakilala naipanga upya, na kila asubuhi naikuta imepakwa tena poda yake. Jana nimeitafuta rimoti hadi chini ya jiko.

"Ninayo mimi, shem," shemeji akasema, akigonga mfuko wa suruali. "Nitaiacha siku nikiondoka."

Nimeanza kumtafutia nauli.