Muulize Bingwa: Ngisi, Kuku na Kiingereza Kizito

Barua ya kwanza imetoka Morogoro, kwa kijana aliyejiita Mgonjwa wa Kamusi. Anasema anatafuta kazi, anakariri kamusi ya Kiingereza kuanzia A, na kila akifika C, yale ya A yamekwisha yeyuka. Zipo kurasa nyingine za masikitiko ambazo Bingwa hakuzisoma. Barua iliyoanza kwa "Shikamoo Bingwa, taa ya wasomi" ilikuwa imekwisha sema la maana. Marahaba.

Kabla ya tiba, wasomaji wapya wanastahili kujua wamo mikononi mwa nani. Bingwa ndiye mtu aliyewahi kunyamazisha daladala nzima ya Mbagala kwa neno moja. Alimwambia kondakta kwamba yeye, kondakta, ni "perspicacious". Kondakta akadhani ametukaniwa mama, akamshusha kabla ya kituo. Kumbe alikuwa amesifiwa! Kwa Kilatini "per" ni kupenya na "specere" ni kutazama, kwa hiyo mwenye sifa hiyo ni mtu wa macho makali, anayeliona jambo mpaka ndani. Kondakta angeujua mzizi huo mmoja, angejua pia kwa nini mkaguzi huitwa inspector, mtazamaji wa mpira spectator, na miwani spectacles. Suspect naye ni yule anayetazamwa kwa chinichini. Na respect, heshima yenyewe, ilianza kama kugeuza shingo ukamtazama mtu tena. Bingwa akipita sokoni shingo hugeuka sana.

Jirani mmoja mwenye kijicho amewahi kudai kwamba Bingwa anajisifu. Tuhuma hiyo ijibiwe kitaalamu. Mmarekani Norman Lewis alitoa mwaka 1949 kitabu kiitwacho Word Power Made Easy, ambacho hadi leo ni msaada mkubwa kwa wanaojifunza Kiingereza kwa njia ya mizizi. Kinaanza na tabia za watu, na katika tabia zote mwandishi alichagua kutanguliza wale wanaojipenda. "Ego" ni mimi. Egoist ni mtu anayejali maslahi yake peke yake, hata kama hasemi neno. Egotist ni yule asiyeacha kujizungumzia. "Alter" ni mwingine, ndiyo maana altruist huhangaikia wenzake. Bingwa alizisoma kurasa hizo kwa makini na hakumwona humo mtu yeyote anayemfahamu, isipokuwa huyo jirani.

Turudi Morogoro. Kosa la Mgonjwa wa Kamusi ni kufuata alfabeti. Alfabeti iliwekwa kwa ajili ya anayetafuta neno, na kichwa cha mtu hakihifadhi kitu kwa mpangilio huo. Mwaka 1604, mwalimu Robert Cawdrey alipochapisha London kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza, yenye maneno kama 2,500 hivi, ilimbidi awaeleze wasomaji kwenye utangulizi kwamba wajue kwanza mfuatano wa herufi, la sivyo hawatapata kitu. Alikuwa akiwahurumia Waingereza wenyewe. Lugha yao ilikuwa imevimba kwa maneno ya Kilatini, Kigiriki na Kifaransa, mpaka wenyeji hawakuelewa tena vitabu vyao. Mwanafunzi wa Morogoro asione haya. Alichomwa na mwiba uleule uliowachoma wenye lugha.

Dawa yenyewe anayo nyumbani. Hakuna aliyemkalisha kitako kumwambia kwamba kitabu, katibu, maktaba na katiba ni ndugu wa tumbo moja, waliozaliwa na herufi tatu za Kiarabu zinazohusu kuandika; sikio lake lilikwisha nusa udugu huo. Kiingereza kizito nacho kina koo zake, na baadhi ya wajomba wa koo hizo walihamia pwani yetu zamani.

Chukua meza. Wareno ndio waliotuachia neno hilo, nao walilirithi kwa Kilatini, "mensa". Chama cha watu wenye akili nyingi kilichoanzishwa Oxford mwaka 1946 kinajiita Mensa, yaani Meza, basi. Bingwa hajaalikwa kujiunga. Anaamini barua ilipotea njiani.

Chukua gereza. Hilo ni "igreja", kanisa la Wareno, ambalo asili yake ni Kigiriki "ekklesia", kusanyiko. Anayejua gereza amekwisha lifikia nusu neno "ecclesiastical", la kikanisa, linalowatoa jasho watahiniwa. Wenye shaka waende Mombasa: Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilikuwa na kanisa ndani yake, na Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Almasi nayo ilitoka kwa Wagiriki, "adamas", kisichoshindika. Waarabu wakatuletea almasi, Waingereza wakapata diamond, na kutoka mzizi huohuo wakapata "adamant", mtu ambaye msimamo wake hautikisiki hata aje nani. Wachimbaji wa Mwadui, Shinyanga, wamekuwa wakitoa kivumishi ardhini bila kulipwa ziada.

Kalamu ndiyo tamu kuliko zote. Wagiriki waliita tete "kalamos", na tete lilichongwa likawa cha kuandikia. Waarabu wakalichukua, Waswahili tukalipokea. Kwa upande wa pili, Kilatini kikalifanya kibweta cha kalamu, Kiitaliano kikampa jina hilo ngisi, kwa sababu ana wino wake na ndani ya mwili ana kitu kigumu kama kalamu. Hoteli za kitalii zinapoandika "calamari" zinauza kalamu. Kwa hiyo Bingwa anaagiza kwamba mgonjwa apande boti aende Unguja, afike Forodhani jioni, aagize ngisi wa kuchoma, na kwa kila kipande ataje neno moja la ukoo huo kabla ya kumeza. Akishindwa kutaja, kipande hicho ni mali ya Bingwa. Nauli ajitegemee.

Asiye na nauli ya boti afuge kuku watatu. Wa kwanza aitwe Sub, naye alale uvunguni, kwa kuwa "sub" ni chini. Wa pili aitwe Trans, kazi yake kuvuka barabara, kwa kuwa "trans" ni ng'ambo. Wa tatu, Circum, azunguke nyumba. Kisha mgonjwa awaoze kuku hao kwa vitenzi vya Kilatini. "Scribere" ni kuandika: subscribe ni kuandika jina chini ya waraka, ndiyo kukubali au kujiunga, transcribe ni kuhamisha maandishi kutoka hapa kwenda pale, circumscribe ni kuchora mstari kuzunguka kitu, yaani kukiwekea mipaka. "Portare" ni kubeba, na hapo Trans anazaa transport. Si kila ndoa inafungika. "Circumport" haipo, na anayeitumia kwenye usaili asimtaje Bingwa. Trans akigongwa na bodaboda, mwanafunzi atalia, ila maana ya kiambishi hicho haitamtoka tena.

Mama mmoja wa Tanga anaandika kwa hasira. Binti yake, kidato cha tatu, aliandika katika insha kwamba bibi yake aliumwa mguu akapelekwa kwa "pediatrician", na mwalimu akacheka mbele ya darasa zima. Mama anauliza: kama "pedal" inakanyagwa kwa mguu na "pedestrian" ni mwenda kwa miguu, mtoto amekosea wapi?

Pole sana, mama. Binti ana akili, amebahatika kukutana na matapeli mapema. "Ped" ya pedal ni mguu, ya Kilatini. "Ped" ya pediatrician ni ya Kigiriki, "paidos", na maana yake ni mtoto. Sura moja, baba tofauti. Matapeli wa namna hii wamejaa. Kliniki ya wajawazito ni "antenatal", kabla ya kuzaliwa; anayeandika "antinatal" ameipinga mimba. Kwenye "mistake" kile "mis" ni ukosefu wa usahihi, lakini kwenye "misogynist", mchukia wanawake, ni chuki ya Kigiriki. Pen ilitoka kwenye unyoya, kwa kuwa watu waliandika kwa manyoya ya ndege. Pencil ilitoka kwenye brashi ndogo na haina undugu na pen hata chembe. Kipenzi cha Bingwa ni helikopta: watu hudhani inakatika kuwa "heli" na "kopta", kumbe kisu kinapita kwingine, "helico" ni mzunguko wa parafujo na "pter" ni bawa.

Na jamani, lori la mafuta likiandikwa "inflammable", tafadhali msiwashe sigara kando yake. Hiyo "in" haikanushi. Ni "in" ya kuingiza moto ndani, kwa hiyo inflammable na flammable ni kitu kimoja, vyote vinaungua. Katika safu nzima ya leo, huo ndio ushauri pekee ambao Bingwa hakubali ucheleweshwe.

Mama aulize basi: mtoto atamtambuaje tapeli? Ajue neno limetoka lugha gani. Huko Marekani, kwenye mashindano ya taifa ya tahajia, washiriki wanaruhusiwa kuuliza maana ya neno na lugha lilikotoka kabla ya kulitaja herufi kwa herufi, na wazoefu huuliza hasa. Mashindano hayo yalianza mwaka 1925, mshindi wa kwanza akiwa Frank Neuhauser wa Louisville, Kentucky, mvulana wa miaka 11. Neno lililompa ushindi ni "gladiolus", jina la ua. Maana yake ni upanga mdogo, kwa sababu ya majani yake yaliyochongoka, na ndugu yake mkubwa ni gladiator, mpiganaji wa upanga wa Kirumi. Bingwa amelichunguza suala hili kwa kina na ameridhika kwamba, kama angezaliwa Kentucky kwa wakati ule, ushindi ungekuwa na utata.

Vivyo hivyo kwa siasa. Candidate, mgombea, ametokana na "candidus", nyeupe inayong'aa, kwani waliowania vyeo Roma walivaa joho lililopakwa chokaa lionekane jeupe pee. "Candid", msema kweli bila kuficha, ni wa ukoo huohuo. Kama ndugu hao bado wanaongea, Bingwa hatii neno.

Imebaki barua ya Kigoma, ya mwalimu anayeuliza mtu anahitaji maneno mangapi ya Kiingereza. Swali zuri, ila Bingwa ana harusi saa kumi na pilau halingoji, kwa hiyo ajibiwe mbiombio. Mtafiti Paul Nation wa New Zealand alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma riwaya au gazeti bila msaada kunahitaji koo za maneno 8,000 hadi 9,000. Kwa anayekwenda chuo, mwenzake Averil Coxhead alitoa mwaka 2000 orodha ya koo 570 zinazobeba kama asilimia 10 ya maneno ya vitabu vya kitaaluma. Mwanafunzi aanze na hizo. "Perspicacious" isubiri. Kila ukoo auandike kwenye kadi, mzizi upande mmoja, maana na sentensi aliyoikuta kitabuni upande wa pili, kisha kadi zipangwe kwenye kasha la viatu lenye vyumba. Akijibu sawa, kadi isogee chumba cha mbele kinachofunguliwa kwa nadra. Akikosea, irudi chumba cha kwanza kinachofunguliwa kila siku. Mjerumani Sebastian Leitner aliieleza mbinu hiyo mwaka 1972, akimwahi Bingwa, na hajaombwa radhi wala hajaomba.

Mgonjwa wa Kamusi naye afanye hivyohivyo. Kuku ni hiari.

Barua za toleo lijalo ziandikwe kwa Kiswahili. Za Kiingereza zitapokelewa pia, lakini Bingwa atazisahihisha kwa kalamu nyekundu, na usahihishaji una ada yake.