Kulwa na Doto Wanapogombana: Sababu Kumi za Injini ya Silinda Mbili Kutetemeka, Tukihesabu Kurudi Nyuma

Pikipiki ya silinda mbili ni nyumba yenye mapacha. Wakielewana, jirani hajui kama kuna watoto. Wakigombana, vyombo vinaanguka kabatini. Silinda ya kushoto tuiite Kulwa, ya kulia tuiite Doto, kisha twende gereji.

Kwanza tuweke majina sawa. Boxer ya Bajaj inayotuwahisha kazini kila asubuhi ina silinda moja; huyo ni mtoto wa pekee. Injini inayoitwa boxer kwa umbo lake ni ile ambayo BMW imeishikilia tangu R32 ya mwaka 1923, silinda mbili zimelala, kila moja upande wake. Mgonjwa wetu leo ni wa aina nyingine: Yamaha XS650, iliyoingia sokoni kwa jina la XS1 ikiwa modeli ya mwaka 1970. Silinda zake zimesimama bega kwa bega, ujazo wa sisi 653, kabureta mbili. Krenki ni ya digrii 360, maana yake pistoni zote mbili hupanda pamoja na kushuka pamoja, zikipokezana kuwaka. Milipuko inafuatana kwa mpangilio mzuri, lakini vyuma viwili vikirushwa upande mmoja kwa wakati mmoja lazima kitu kitikisike. Mtetemo kiasi ni haki yake ya kuzaliwa.

Tunachokisaka ni mtetemo uliozidi: ule ambao mwezi jana haukuwepo, unaotia ganzi vidole, unaokata balbu, unaolegeza nati, na unaokifanya kioo cha pembeni kionyeshe ukungu badala ya gari lililo nyuma yako.

Kabla ya kuhesabu, fanya mtihani wa bure. Pikipiki ikiwa imesimama, gia huru, piga resi polepole. Mtetemo ukijitokeza, mshukiwa ni injini au vile vinavyoishikilia. Usipojitokeza, nenda barabara tupu iliyonyooka, fikia kasi inayotetemesha, kisha bana klachi na uache resi ishuke. Mtetemo ukibaki palepale, injini haina kosa, fuata magurudumu. Dakika tano, shilingi sifuri, nusu ya washukiwa wamerudi makwao.

Sasa tushuke kutoka 10, tatizo linaloogopwa sana na kutokea kwa nadra, hadi 1, linalotokea sana na kusahauliwa.

10. Krenki iliyosogea

Mtetemo ukianza tu, kijiweni utasikia: “Hiyo krenki imekwisha.” Hukumu inasomwa kabla mshtakiwa hajafika mahakamani! Ni kweli krenki ya XS650 imeundwa kwa vipande vilivyoshindiliwa pamoja, na kipande kinaweza kusogea. Lakini hakisogei kwa kuamka vibaya. Huwa kuna kisa: injini iligoma ghafla ikiwa kwenye kasi, pikipiki ilianguka vibaya, au mtu aliifungua na kuifunga bila kupima. Wapo hata mafundi wanaoipanga upya kwa makusudi kwenye digrii 277 ili pistoni zisifike juu pamoja, na hiyo ni kazi ya karakana yenye mashine.

Kama hakuna kisa, hakuna kesi. Mwache krenki alale.

9. Msawazishaji aliyepotea hatua

XS650 haina shafti ya kusawazisha, lakini pacha wengine wanayo. Honda CB400T na ndugu yake CB400N zina vizito vya kusawazisha vinavyoendeshwa na mnyororo mdogo ndani ya injini. Mnyororo huo hulegea na umewekewa mahali pa kuukaza, ila wengi huwa hawafiki huko. Ukilegea, vizito vinachelewa, na kilichowekwa kutuliza kinaanza kuchochea. Vilevile, ukiifungua injini kama hiyo, alama za meno zilingane kabla ya kufunga. Jino moja likiruka, kazi yote imeruka.

Mpatanishi anayechelewa kikao hukuta ugomvi umeongezeka.

8. Pistoni moja mpya, moja ya zamani

Kulwa amechakaa, anabadilishiwa pistoni. Doto anaachwa na yake kwa kuwa “bado inavuta”. Sasa upande mmoja ni mzito, mwingine mwepesi, na kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika hata gramu chache huwa na nguvu ya kusukumana. Ukibadilisha, badilisha zote mbili, na kabla ya kuzifunga ziweke kwenye mizani inayosoma gramu: pistoni, pini na ringi zake, upande kwa upande.

Mapacha huvalishwa sare. Bibi zetu walilijua hilo bila mizani.

7. Beringi za krenki na konrodi

Hapa utani unapungua. Beringi iliyoliwa haitetemeshi tu, inasema. Utasikia mlio mzito wa kugonga kutoka chini, hasa injini ikibebeshwa mzigo mlimani, na ukimwaga oili utaona vumbi la chuma liking’aa. Ukiyaona haya mawili kwa pamoja, usijaribu kufika nyumbani. Zima, sukuma, au pandisha kwenye pikapu. Konrodi ikikatika mwendoni inaweza kutoboa kasha la injini na kumwaga oili mbele ya tairi lako la nyuma.

Mficha maradhi, kifo humfichua. Na hapa atakayefichuliwa ni wewe uliyekaa juu.

6. Mnyororo, sproketi na magurudumu

Mtihani wa klachi ukielekeza huku, iache injini kabisa. Inua gurudumu la nyuma, lizungushe taratibu kwa mkono, na upime ulegevu wa mnyororo sehemu nne au tano. Ukikuta mahali umelegea na mahali umekaza kama kamba ya kuanikia nguo, mnyororo na sproketi zake vimekwisha. Gonga spoku moja moja kwa bisibisi: zilizokazwa hulia, zilizolegea hunyamaza. Tazama na tairi kama lina uvimbe.

Kuifungua injini kwa kosa la mnyororo ni kumng’oa mtu jino kwa sababu kiatu kinambana.

5. Tapeti na mgandamizo

Kulwa na Doto wanakula chakula kimoja, lakini kama mmoja ana jino bovu hawatashiba sawa. Tapeti ikibana mno, valvu haifungi vizuri na nguvu inavuja. Weka nafasi ya tapeti injini ikiwa ya baridi, kwa vipimo vya kitabu cha modeli yako. Kisha pima mgandamizo injini ikiwa na joto: toa plagi zote mbili, fungua mafuta hadi mwisho, piga stata hadi geji itulie. Namba za pande mbili zikipishana kwa zaidi ya asilimia 15 hivi, umepata chanzo cha ugomvi. Tia kijiko cha chai cha oili kwenye silinda dhaifu, upime tena. Namba ikipanda, ringi ndizo zinazovujisha. Isipopanda, tazama valvu.

Kijiko cha oili kinatoa ushahidi ambao shahidi wa kijiweni hana.

4. Bolti, mabano na raba

Injini nzuri iliyofungwa vibaya hutetemeka kuliko injini mbovu iliyofungwa vizuri. Kwenye XS650 usisahau bano la juu, lile linaloshika kichwa cha injini kwenye fremu. Likilegea au kupata ufa, mkono wa juu wa injini umeachiwa. Usikaze bolti moja ukaenda zako. Legeza zote kidogo, iache injini ikae mahali pake, kisha kaza kwa zamu kwa spana ya kupimia nguvu. Tafuta pia alama ya kutu nyekundu kama unga kando ya bano. Hapo vyuma vinasuguana.

Wapo walioufanya ufungaji huu kuwa sanaa. Norton walipotoa Commando mwaka 1967, waliitundika injini pamoja na giaboksi na mkono wa nyuma kwenye raba, mfumo walioupa jina Isolastic. Nafasi ya kando ya raba zile ikiachwa kuwa kubwa, pikipiki inayumba kwenye kona. Ikibanwa mno, mtetemo wote unamfikia dereva.

Na wewe uliyetoa vile vizito kwenye ncha za usukani ili uweke vioo vya mapambo: virudishe leo. Viliwekwa pale kutuliza mikono yako.

3. Moto usio sawa

Silinda moja ikikosa kuwaka mara kwa mara, mwenzake anabeba nyumba peke yake, na anaibeba kwa kurukaruka. Washa injini ya baridi, iache ingurume dakika moja, kisha nyunyiza tone la maji kwenye kila bomba la moshi, karibu na kichwa. Tone likichemka na kutoweka kwa Kulwa lakini likateleza taratibu kwa Doto, Doto hafanyi kazi. Usitumie kidole, ngozi haina vipuri.

Sasa hamisha plagi: ya kushoto iende kulia. Tatizo likihama nayo, plagi ndiyo mbovu. Likibaki, kagua kifuniko cha plagi, waya na koili kwa njia ileile. Modeli za zamani za XS650 zina seti mbili za pointi za moto, moja kwa kila silinda, na kila moja huwekewa taimingi yake kwa taa ya taimingi. Upande wa pili wa kamshafti kuna vizito vidogo vya kuiwahisha taimingi resi inapopanda. Vikikwama kwa uchafu, taimingi inayumba kwa pacha wote wawili.

Hamisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukihamisha vitatu utapona bila kujua dawa, na wiki ijayo utaugua tena.

2. Hewa ya wizi

Kati ya kabureta na kichwa cha injini kuna mpira. Miaka inaukausha, unapata nyufa, na hewa isiyopimwa inajipenyeza. Upande ulioibiwa unakosa mafuta ya kutosha, unawaka kwa kusitasita, na resi inachelewa kushuka unapoachia mafuta. Injini ikiwa inanguruma taratibu, nyunyizia ukungu wa maji kuuzunguka mpira. Mlio ukibadilika, umemkamata mwizi. Wengine hunyunyizia petroli. Usithubutu, kichwa cha injini kina joto na plagi zina cheche. Kagua pia vifuniko vidogo vya mpira kwenye matundu ya kupimia mvuto. Kikipasuka kimoja cha bei ya chai, pikipiki nzima inatetemeka.

Halafu kuna jeti ndogo ya mwendo wa chini. Pikipiki ikikaa miezi na petroli ndani, jeti hiyo huziba upande mmoja, na pacha mmoja anaamka na njaa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa injini ni ghali kuliko wa nyumba.

1. Kabureta zisizovuta sawa

Tumefika. Pistoni mbili, kabureta mbili, mkono mmoja unaovuta mafuta. Kipepeo cha Kulwa kikifunguka kabla ya cha Doto hata kwa unene wa karatasi, Kulwa anasukuma zaidi, Doto anaburuzwa, na ugomvi huo unarudiwa maelfu ya mara kwa dakika. Mtetemo wake una tabia yake: ni mkali kwenye resi za chini na pale unapoanza kuvuta, na hupungua vipepeo vikifunguka sana.

Kama huna geji mbili za mvuto, chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mita nne au tano, uukunje kama herufi U kwenye ubao mrefu, utie oili ya injini za tu-stroki chini ya mkunjo. Unganisha ncha moja kwa Kulwa, nyingine kwa Doto, kwenye matundu ya kupimia mvuto. Washa. Oili itapanda upande unaovuta zaidi. Zungusha skrubu iliyo kati ya kabureta taratibu hadi oili isimame sawa pande zote. Ikipanda haraka, zima kabla haijanywewa.

Lakini hapa ndipo haraka inapoharibu. Ukizisawazisha kabureta huku tapeti ya Doto imebana, au mpira wake umepasuka, unamfundisha Kulwa kuugua ili walingane. Kupima huanza namba 1, kwa sababu ni rahisi na hakufungui kitu. Kuzungusha skrubu hufanywa mwisho, baada ya 5, 3 na 2 kuwa safi.

Pima kwanza, zungusha mwisho. Kwa mpango huo, anayekuambia krenki imekwisha utakuwa na namba za kumwonyesha, na pesa ya kuifungua injini itabaki mfukoni.

Ukimaliza, toka barabarani na utazame kioo cha pembeni. Ukiweza kusoma namba ya gari lililo nyuma yako, Kulwa na Doto wamepatana.