Namna ya Kumdanganya Beki: Mwongozo kwa Vijana wa Mbulu na Hanang

Miguu unayo, kijana wangu; hilo halina mjadala. Mbulu ilimtoa John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 huku goti lake likiwa limefungwa bandeji. Katesh ilimtoa Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978. Juzi tu, mwaka 2023, Gabriel Geay wa Mbulu alishika nafasi ya pili Boston. Lakini wote hao walikimbia upande mmoja, mbele, na kila mtu kando ya barabara alijua wanakoelekea. Mimi nataka ujifunze kukimbia kwa uongo.

Mchezo wenyewe ni futiboli ya bendera, tawi la futiboli ya Kimarekani lisilo na vikumbo. Utachezwa kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza Los Angeles mwaka 2028. Ni watu 5 kwa 5, kila mmoja ana vitambaa vinavyoning'inia kiunoni, na beki akichomoa kitambaa cha mwenye mpira, mambo yanaishia hapo hapo. Timu inayoshambulia hupewa majaribio 4 ya kuvuka katikati ya uwanja, kisha 4 mengine ya kufunga. Bao lina pointi 6. Helmeti hazihitajiki. Tafuta mpira wenye umbo la yai, chokaa ya kuchorea mistari, na kanga chakavu ya kuchana vitambaa. Uwanja wa shule unatosha.

1. Mwendee moja kwa moja. Anayeanza huwa na haraka ya kupiga chenga angali mbali, na beki anamtazama tu mpaka amalize maringo yake. Wewe mkimbilie kana kwamba huna akili nyingine. Ukifika hatua mbili tatu mbele yake, ataogopa kuachwa na atageuza kiuno ili akimbie nawe. Subiri kiuno hicho kigeuke. Hapo ndipo ukanyage kwa mguu wa nje na kukata kuelekea upande alioupa mgongo. Danganya toto ya kichwa na mabega usiitegemee sana: beki aliyefundishwa hakutazami usoni, anatazama kiuno chako, kwa sababu vitambaa viko huko. Basi kiuno ndicho kiseme uongo.

Mkono wako lakini usizibe kitambaa. Ni kosa, na refa yuko pale kwa ajili hiyo.

2. Lisha majivuno ya beki. Kila beki anaota kunasa pasi mbele ya wasichana wa kidato cha nne. Mpe ndoto yake kwa vipimo. Jaribio la kwanza, kimbia yadi 5, geuka, pokea pasi fupi. La pili, fanya vile vile, pale pale. Sasa amekusoma, na kwa vile amekusoma anajiona mwalimu. La tatu, kimbia yadi 5, geuka, nyoosha mikono. Mrushaji wako ainue mpira kama anayerusha, ila auzuie mkononi. Beki atalirukia tunda ambalo halipo. Wewe utakuwa umeshaondoka zako kuelekea goli, peke yako.

Pasi mbili hizo za mwanzo huenda zikakupa yadi chache tu, na watazamaji watapiga kelele kuwa mnacheza kwa woga. Waache. Pasi zile ni mtaji.

3. Mpe mpira mtu anayesahauliwa. Mchezaji anayeanzisha jaribio kwa kuupitisha mpira katikati ya miguu yake kwenda kwa mrushaji huonekana kama amemaliza kazi. Mabeki wengi humfuta akilini hapo hapo. Sheria za mchezo huu zinamruhusu kupokea pasi kama mwingine yeyote! Basi weka hapo kijana mrefu mwenye mikono mizuri, mwambie apige hatua nne, ageuke na asimame kimya. Hila hii ni tamu zaidi ndani ya yadi 5 za mwisho, ambako mbio zimekatazwa na lazima urushe, kwa hiyo macho yote yamekimbilia kwa wapokeaji wa pembeni.

4. Kubali kukimbia bure. Hapa ndipo timu nyingi hufa, na nitakaa hapa kidogo. Mtu asiyetumiwa pasi hutembea. Anashika kiuno, anatazama mawingu, na kwa kufanya hivyo anamwambia beki wake: nenda kawasaidie wenzako. Jaribio zima limeshaharibika kwa mtembeo huo mmoja. Mchezaji ninayempenda kuliko wote ni yule anayejua kabisa kuwa mpira hauji kwake, lakini anakimbia akiita, amenyoosha mkono, macho yamemtoka, mpaka mabeki wawili wanamfuata kwenye kona ambako hakuna kitu. Jina lake halitaimbwa. Kwa hiyo kocha, ukiona hivyo, mtaje wewe, kwa sauti, kabla hujamtaja mfungaji. Majivuno tunayo sote; yalipwe kwa kazi iliyo sahihi.

5. Tumia lugha za nyumbani. Kabla ya kila jaribio lazima mpange nani aende wapi, na wapinzani wana masikio. Timu ikitoka Dar es Salaam, pangeni kwa Kiiraqw, mkisimama wima mbele yao bila hata kunong'ona. Kidatoga kitafaa vile vile, na mkiwa na mwenzenu wa Yaeda Chini anayejua Kihadza, hakuna atakayeambulia neno. Haydom wakikutana na Katesh, hila hiyo imekwisha, maana lugha ni zile zile. Rudini kwenye ishara za vidole, na mbadilishe maana yake baada ya mapumziko.

Na wageni hao wa pwani msiwape pumzi. Mji wa Mbulu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Anzisheni kila jaribio mapema, kabla mapafu yao hayajatulia.

6. Shindwa bila hasara. Pasi mbovu itakuja. Ikikupita juu na beki yuko nyuma yako, acha kuwa mpokeaji: ruka, upige mpira chini. Jaribio moja limepotea, lakini mpira bado ni wenu. Mrushaji naye, akibanwa na beki anayemkimbilia kutoka yadi 7, autupe nje ya mstari palipo karibu na mwenzake kuliko kurusha katikati kwa matumaini. Kisha simameni mjipange upya bila kulaumiana. Anayemgombeza mwenzake hadharani amewaonyesha wapinzani mlango dhaifu, na jaribio linalofuata watapita hapo.

7. Mkifunga, ombeni pointi 2. Baada ya bao unachagua: jaribio moja kutoka yadi 5 kwa pointi 1, au kutoka yadi 10 kwa pointi 2. Wengi huchagua ya karibu. Ninyi chagueni yadi 10 mapema, mkiwa bado na nguvu. Huko mbali mnaruhusiwa kukimbia na mpira, kwa hiyo beki ana mambo mawili ya kuogopa. Mtumeni yule aliyekimbia bure jaribio lililopita. Mabeki wameshamzoea kuwa hapewi kitu.