Sufuria ya Shughuli na Sabuni ya Senku

Sufuria kubwa ya shughuli nyumbani kwetu Ngokolo, mjini Shinyanga, huwa haiguswi bila ruhusa. Nilipoikuta uani inatoa povu huku moto wenyewe haujakolea, nilijua mambo yametumbukia nyongo.

Mwanangu wa kidato cha pili alikuwa anatengeneza sabuni. Amezama kwenye Dr. Stone, manga aliyoitunga Riichiro Inagaki na kuchorwa na Boichi, iliyotoka Japani kuanzia 2017 hadi 2022. Watu wote duniani wanageuka mawe. Baada ya miaka 3,700 kijana Senku anazinduka porini na kuanza kurudisha maisha kwa elimu ya sayansi. Sabuni kwake ni daktari, maana pasipo hospitali uchafu ndio unaoua. Hapo Senku kasema kweli tupu.

Tatizo lilikuwa chombo. Maji ya majivu aliyoyaweka humo hula alumini ya sufuria, na lile povu ni haidrojeni, gesi inayoshika moto. Nilimvuta mtoto pembeni, nikamwaga maji kwenye kuni. Ndani sufuria ilikuwa nyeusi, imechimbika vishimo vishimo.

Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Katoro, Geita, hakumgombeza. Akaagiza chungu. Miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, sabuni ilipoadimika madukani, yeye alichuja majivu. "Mume wangu," akamwambia mjukuu wake, "weka yai. Likizama, maji bado hayajakolea." Lilipoelea, wakatia mafuta ya pamba, wakakoroga hadi jioni. Ikatoka sabuni laini kama ugali wa mgonjwa, inatoa povu la kutosha kufulia.

Mtoto akapata kichwa. Senku alitengeneza nyuzi za dhahabu ili aunde simu. Bibi si anatoka kwenye dhahabu? Amletee mchanga na zebaki kidogo. Hapo bibi alibadilika uso. Amewaona vijana wa machimboni wakichoma zebaki kwenye makaa, moshi wanauvuta wao na watoto wao, mikono ikaishia kutetemeka. "Hiyo haingii kwenye mji wa mwanangu."

Jioni sasa bibi anataka asimuliwe habari za Senku. Aliposikia Senku aliwapikia wanakijiji tambi za mbegu za majani pori ili wamsaidie kuvukuta moto wa kuyeyusha chuma, akaridhika kabisa: huyo kijana kalelewa, anajua watu hawaitwi kazini na njaa.