Heko kwa Wasaka Chogo

Wanaomcheka mwenye sherehe anayezunguka mji mzima akisaka TV ya chogo, ile ya zamani yenye mgongo mnene, tena inayowaka, hawajui maendeleo. Usiku wa Desemba 31, 2012, mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, tukahimizwa kununua ving'amuzi. Kisha zikaja TV bapa, na machogo mengi yakaishia stoo au kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Leo chogo hilohilo linapamba ukumbi wa sherehe ya “enzi zile”. Aliyebaki nalo kwa kukosa pesa aliitwa mshamba. Anayelikodi kwa pesa nyingi ni mtu wa mitindo. Hapo kosa liko wapi?

Watasema kasha tupu lingetosha, kwa kuwa hakuna atakayelitazama. La hasha! Lazima liwake, litoe chenga, na lipigwe kofi la ubavuni ili wageni warekodi kwa simu za mwaka huu. Watasema pia fundi wa machogo amezeeka bila kupata mwanafunzi. Kwani kamati ilipanga kumwalika fundi? Inayotakiwa ni kazi yake tu. Nawe bibi ambaye chogo lako bado linakuletea taarifa ya habari, usiliuze: likodishe, na ulipwe kabla keki haijakatwa.