Una Chenji, Shylock?

Jamani, mimi sijui nimelogwa au nimezaliwa hivi hivi. Mtu mzima, mvi zinanitosha, nadaiwa kila kona ya mtaa, halafu natoa sh 10,000 eti nikatazame watu wanaigiza. Kumi! Hapo kuna unga, kuna dagaa, na hela ya vocha inabaki.

Kosa la mpwa wangu huyu anayesoma chuo. Kanikuta kibarazani na msuli wangu, kanitazama, kasema, "Mjomba, una mawazo. Twende ukacheke." Nikauliza nani anachekesha. Mimi kichwani nina Mzee Majuto, Mungu amrehemu, yule hata akikohoa unacheka. Akanijibu, "Shakespeare." Nikasema poa, kama ni kijana mpya kwenye fani tukampe moyo.

Kumbe kijana mwenyewe kafa miaka zaidi ya 400 iliyopita. Kichekesho kinaitwa Mabepari wa Venisi, na aliyekifasiri ni Mwalimu Nyerere, kikatoka 1969. Miaka miwili tu tangu Azimio la Arusha! Mpwa ananieleza kwamba kwenye Kiingereza ni mfanyabiashara mmoja tu, Mwalimu ndiye kaandika mabepari, tena wengi. Nikanyamaza. Rais mzima anaendesha nchi huku anafasiri mashairi, na mimi kujibu meseji ya mwenye nyumba kunanishinda.

Sasa, ukumbi wenyewe siutaji. Sisi wa zamani tumekulia kwenye maonyesho ya Muungano na TOT. Unakaa baa tangu alasiri, mara ngoma, mara kichekesho, mara sarakasi, mara taarabu, mtoto wa mtu analia, mishikaki inaungua, na ukikunwa unainuka unakwenda kumtunza msanii hukohuko jukwaani. Huku kiyoyozi! Viti vya vitambaa! Watu kimya kama wanasubiri kung'olewa jino. Binti wa mlangoni kaniambia nizime simu. Nikazima kwa moyo mkunjufu. Asubuhi yake nilikuwa nimemwambia yule mama wa kausha damu kwamba niko Morogoro msibani na mtandao unasumbua. Ananidai laki tatu. Dhamana ni friji.

Mara taa zikazimika. Nikapiga ukelele, "Luku imeisha!" Mpwa akanivuta shati hadi kifungo kikatoka. Kumbe ndiyo linaanza.

Haya. Kuna bwana anaitwa Antonio, mali yake yote iko kwenye meli baharini. Rafiki yake kapenda binti tajiri huko mbali, hana nauli ya kuposea. Antonio naye hana taslimu, basi anakwenda kumkopea dukati 3,000 kwa Shylock, miezi mitatu. Shylock anasema riba sitaki, ukishindwa kulipa nakata ratili moja ya nyama mwilini mwako. Na huyu Antonio anacheka! Anaomba kalamu! Ndugu yangu, pale uzalendo ukanishinda. "Usisaini, kaka! Soma nyuma ya fomu!" Ukumbi mzima ukageuka. Mama mmoja mwenye miwani akanionyesha kidole mdomoni kama natoka chekechea. Lakini mimi nilisema kwa uchungu. Fomu yangu nilisainia juu ya tangi la bodaboda, hata jina langu sikuangalia kama limeandikwa sawa.

Kwa yule binti nako ni vituko. Kaachiwa na marehemu baba yake masanduku matatu, moja la dhahabu, moja la fedha, la tatu la risasi. Mchumba achague, na akibahatisha lenye picha ya binti, kapata mke. Hiyo si karata tatu ya Kariakoo hiyo? Na waliposema wanafungua sanduku la risasi, mimi nikajitupa chini ya kiti. Mpwa, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Mjomba, risasi ya madini. Ile nzito." Nikarudi kitini na vumbi la watu magotini.

Sasa mahakamani. Shylock ananoa kisu, Antonio kifua wazi, meli hazijaonekana, mimi kijasho. Anaingia wakili kijana na joho lake. Mtu yeyote anaona ni yule yule binti wa masanduku, Portia, kavaa kiume, isipokuwa mume wake mwenyewe, yule rafiki wa Antonio. Anasema nyama kata, ni haki yako, ila mkataba hautaji damu, isidondoke hata tone. Mama yangu! Kausha damu imekaushwa! Miaka yote hiyo, na sisi tunanyang'anywa friji kama hatukwenda shule!

Miguu ikanipeleka yenyewe. Nikajikuta jukwaani natafuta hela ya kumtunza wakili. Mfukoni mna noti moja tu, elfu kumi, na ndiyo nauli ya wawili. Kurudi nayo aibu, kuitoa yote siwezi. Aliyekuwa karibu ni Shylock. Nikamnong'oneza, "Samahani bosi, una chenji ya elfu tano tano?" Wana vinasa sauti kwenye nguo wale. Ukumbi wote umesikia. Na yule bwana bila kucheka, kisu mkononi, akajibu, "Ipo. Saini kwanza."

Watu walicheka kuliko usiku mzima. Mpwa kajifunika uso na tiketi. Mimi nimesimama kwenye taa kali, noti juu, kama mtu aliyeitwa na daladala mbili. Na katika vicheko vyote hivyo nikakisikia kimoja cha safu ya nne nakijua vizuri, maana huwa nakisikia dirishani kwangu kila tarehe tano.

Nje nikawasha simu. "Pole na msiba. Nimewaona mlivyozika. Kesho saa mbili nakuja na kirikuu."

Sikulala. Alfajiri akili ikanijia, nikamwandikia kisomi kabisa: friji chukua, imo kwenye mkataba, lakini barafu za mama watoto zilizomo ndani hazimo, kwa hiyo lisidondoke hata tone moja.

Jibu likaja hapo hapo. "Nakuja na ndoo."