Mambo Tisa ya Kumwambia Mgeni Anayetaka Kununua Gofu Lamu

Ukikaa Lamu utaulizwa tu. Mgeni amekuja kwa likizo ya wiki moja, kakatiza vichochoro vya mtaa wa Mkomani, kaona mlango umeng'oka, mpapai umeota uani na zidaka, vile vishubaka vya mapambo, bado zimo ukutani. Jioni hiyohiyo anakusogelea na kukunong'oneza: "Hivi ile inauzwa?" Kashaamua. Atahama kwao, ataifufua, ataishi humo.

Msimcheke. Nyumba za mawe ni nyingi, baadhi zina umri wa karne mbili na zaidi, na si kila ukoo una uwezo wa kuzikarabati. Mji huu unawahitaji watu wenye mapenzi ya namna hiyo. Mkalisheni barazani, mpeni kahawa na haluwa, kisha msomeeni orodha hii, kuanzia la tisa, ambalo ni jepesi, mpaka la kwanza, ambalo wengi hulikwepa.

9. Atanunua miaka, si ardhi

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 65, inamruhusu asiye raia kushika ardhi kwa kukodi tu, na kwa muda usiozidi miaka 99. Akilalamika kwamba miaka 99 ni michache, muulizeni ana mpango wa kufika umri gani. Tena mji wa kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo hata dirisha jipya huombewa ruhusa kabla nyundo haijainuliwa. Aanzie kwa watu wa Makavazi ya Taifa walioko hapahapa Lamu. Na gofu la Takwa kule Manda asiliulizie kabisa. Gofu hilo ni la taifa, na wenyewe walihama tangu karne ya 17.

8. Muuzaji ni mmoja, wenye nyumba ni ukoo mzima

Atakuja mzee mwenye kofia safi na maneno matamu, aseme nyumba ni yake. Hasemi uongo. Ni yake, na ya dada zake, na ya watoto wa marehemu kaka yake, na ya shangazi aliyeolewa Mombasa, na ya binamu walioko Muscat. Nyumba za hapa hurithiwa kwa sheria ya Kiislamu: mjane ana thumuni yake ikiwa marehemu ameacha watoto, binti ana nusu ya fungu la kaka yake, na mirathi iliyokaa vizazi vitatu bila kugawanywa huzaa hesabu za kumtoa jasho hata kadhi. Mgeni asitoe shilingi kabla kila mrithi hajatia sahihi. Aulize pia mapema kama nyumba ni wakfu, maana wakfu hauuzwi. Shangazi aliyesahauliwa leo ataonekana kesho, mahakamani.

7. Ratiba ni ya punda

Vichochoro vya Mkomani havipitishi gari. Mawe, mchanga, mabomba, hata lile sinki aliloliagiza kwa mbwembwe kutoka Italia, vyote vitashushwa gatini na kupandishwa mgongoni mwa punda. Wahenga walisema afe punda, mzigo wa bwana ufike. Sisi tunasema punda apumzike, bwana atangoja. Na mchanga asiuchote kwenye vilima vya Shela, hata akiambiwa ni wa bure. Vilima vile ndivyo vinavyochuja na kutunza maji ya kunywa ya mji mzima, na atakayekunywa maji hayo ni yeye pia.

6. Aanze juu

Ukuta wa nyumba ya Lamu ni mnene, karibu nusu mita, mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo. Dari likiwepo, ukuta huo hudumu mno. Dari likianguka, mvua ya masika hupenya kutoka kichwani mwa ukuta, husomba udongo wa kati, na miti huota humohumo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuegemeza kuta kwa miti, kisha kuziba vichwa vyake kwa chokaa. Mizizi ikatwe na kuachwa ife, isivutwe kwa pupa, kwani pengine ndiyo inayolishikilia jiwe lisianguke. Hili si la kuchezea. Beit al-Ajaib ya Unguja, kasri la Sultan Barghash, iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Rangi ya mapazia inaweza kungoja. Masika hayangoji.

5. Chumba ni chembamba kwa amri ya mkoko

Atapima chumba, atanuna. Mwambieni asimlaumu fundi. Dari la nyumba ya mawe hubebwa na boriti za mikoko zilizopangwa karibukaribu, na juu yake kuna mawe na chokaa. Kwa uzito huo, boriti haiwezi kuvuka nafasi inayozidi mita 3 hivi. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine: unatoka uani, unapita ukumbi wa kwanza, uitwao msana, kisha wa pili, ndipo unafika ndani. Anayetaka kuubomoa ukuta wa kati apate ukumbi mpana, ajue ukuta huo ndio umembebea ghorofa. Aende badala yake kwa wakata mikoko wamfundishe kutofautisha fito, pau, mazio, boriti na nguzo. Wanastahili kazi hiyo. Februari 2018 Serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, wao ndio waliolala njaa, ingawa Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya na wao wameishi nayo enzi na enzi.

4. Samaki wa bafuni wana kazi

Bafu la zamani lina birika, na birika lina samaki wadogo. Mgeni atadhani ni mapambo. Hao ni wafanyakazi, wanakula viluwiluwi vya mbu. Chungulieni naye ndani ya birika, chini kabisa: fundi alipachika humo bakuli la kaure la Kichina, ili maji yakichotwa mpaka yakaribie kwisha, samaki wabaki na mahali pa kujisitiri. Kila siku watu waliinama kuoga mbele ya bakuli hilo, na samaki hawakukauka. Bomba la maji moto liwekwe, hakuna aliyekataa. Birika libaki. Dukani haiuzwi dawa ya mbu yenye macho.

3. Chokaa, kisha chokaa, halafu chokaa

Nyumba nyingi za Lamu zimeuawa na mfuko wa saruji. Saruji inapatikana, inakauka upesi, inapendeza siku ya kwanza. Lakini matumbawe yalitoka baharini na yana chumvi yake. Yanavuta unyevu na kuutoa. Chokaa inauruhusu unyevu upite. Saruji inaufungia mlango. Chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, plasta huvimba, na siku ikianguka huondoka na ngozi ya jiwe. Upigeni kofi ukuta wa namna hiyo baada ya masika kadhaa: unalia kama ngoma.

Chokaa yenyewe haitaki haraka. Magogo hupangwa kwa duara, mawe ya matumbawe huwekwa juu, moto huwashwa, na kinachobaki ni kichuguu cheupe. Kinamwagiwa maji, kinaachwa kipoe na kukomaa kwa miezi. Ndipo fundi anapoitia mchangani. Ndiyo hiyo chokaa iliyochongwa zidaka na nakshi ikiwa bado mbichi, na ndiyo inayosuguliwa kwa subira mpaka ukuta ung'ae, kazi tunayoiita neru. Mafundi wanaoijua wanazeeka. Mgeni mwenye pesa akitoa sharti moja tu, basi liwe hili: kila fundi mzee aje na vijana wa kujifunza, na vijana nao walipwe. Nyumba moja iliyojengwa hivyo inaacha mafundi wa kujenga nyingine.

2. Mandhari ni yake, ua ni wa jirani

Kila mgeni anataka darini: upepo, bahari, majahazi, machweo. Haki yake. Ila darini kwake ndiko kunakochungulia ua wa jirani, na uani ndiko wanawake wa nyumba hiyo wanakopika, wanakofua na kukaa bila buibui. Kabla ya kuongeza ghorofa ya makuti, abishe hodi kwa jirani, akae, anywe chai, aulize kuta zifike wapi. Jirani ataonyesha kwa mkono wake, na urefu huo ndio sahihi, hata msanifu akinuna. Mabaraza ya mlangoni nayo yasiwekwe vyungu vya maua, yameachiwa wazee wakae. Na kwa kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ajue jembe la Lamu ni lipi: kuchangia harusi ya mtaa, na kusimama na watu kwenye msiba bila kuitwa.

1. Aishi humo

Hili ndilo wanaloruka. Nyumba ya mawe ikifungwa miezi kumi na moja kwa mwaka, popo wanahamia, mchwa wanaingia boritini na unyevu unapanda kimyakimya hata kama ukarabati uligharimu mamilioni. Nyumba inayofunguliwa kila asubuhi ina mtu wa kuuona ufa ungali mwembamba, akauziba, asije akajenga ukuta.

Na mji nao ni hivyohivyo. Familia nyingi zimeshauza Mkomani zikahamia pembezoni. Kila mlango unaopata kufuli badala ya watu, muuza mikate anapoteza mteja, madrasa inapoteza mtoto, na msikiti unapoteza safu. Mtaa wa majumba mazuri yasiyo na wenyewe umeanguka pia, hata kama kuta zake zimesimama. Kwa hiyo muulizeni bila haya: utakaa? Akijibu kwamba atakuja Krismasi na Pasaka tu, mshaurini akodi chumba cha wageni, vizuri vipo. Au akarabati, kisha aikodishe kwa familia ya hapa kwa bei inayolipika, naye abakiwe na chumba cha ghorofani.

Lakini akisema anahama kwelikweli, watoto watasoma hapa, na Kiswahili ameshaanza kujifunza, mwongezeeni kahawa. Kisha mpigieni simu shangazi wa Mombasa leo hii.